Misimu mitatu bila elki: jibu kwa mdogo wangu wa Fort Morgan

Niweke swali kwanza ili na wengine mjue tunaongea nini. Mdogo wetu huyu amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, sa hivi yuko Fort Morgan, Colorado, anafanya kazi kiwanda cha nyama. Ameenda kuwinda elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, miaka mitatu kwa bunduki, ule msimu wa pili unaofunguliwa mwishoni mwa mwezi wa kumi. Mwaka wa kwanza alikutana na dume na majike wanne, mita kama 150, mikono ikaanza kutetemeka, risasi ikapita juu na wote wakaingia msituni. Miaka miwili iliyofuata hajaona hata mgongo wa mnyama. Ameandika: "Kaka, jamaa wa kazini kila mwaka wanajaza frija, mi nimeanza kuamini sina mkono wa kuwinda. Nikiingia porini najiona kama mgeni asiyetakiwa. Nifanyeje nijiamini, na nipate nyama kila mwaka bila kubahatisha?"

Mdogo wangu, asante kwa kuandika wazi hivo, wengi wanakaa na hili jambo moyoni mpaka wanauza bunduki.

Anza na hesabu hii. Colorado ndo jimbo lenye elki wengi kuliko jimbo lolote Marekani, zaidi ya 250,000, na bado ukijumlisha misimu yote na silaha zote, wanaorudi na mnyama ni kama mmoja kati ya watano. Mmoja kati ya watano! Manake mtu wa kawaida kabisa asiye na kosa lolote anaweza kumaliza miaka mitatu minne mikono mitupu na asiwe amerogwa wala nini. Hao jamaa zako wa kazini waulize vizuri, wana miaka mingapi wanakwenda palepale, kuna baba mkwe mwenye ranchi, wana leseni ya jike au ya dume, utakuta kila mmoja ana jibu na hilo jibu halina uhusiano na mkono.

Sasa kuna mstari kwenye ujumbe wako uliupita haraka haraka ila mi ndo ulionishtua kuliko habari ya kutetemeka. Umesema mwaka wa kwanza ulikwenda upande wa Meeker, wa pili ukashuka Gunnison, wa tatu ukapanda Steamboat manake "labda huku watakuwepo". Ugonjwa wako uko hapo. Kila mwaka unaanza darasa la kwanza. Unafika usiku wa Ijumaa, hujui njia inaishia wapi, hujui maji yako wapi, asubuhi unafuata taa za wenzako, halafu Jumapili jioni unafunga hema unarudi kazini. Hata mimi ningekuwa na wasiwasi. Mtu anajiamini na kitu anachokijua, na mlima haujuliki kwa siku mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na mengine yote nitakayosema yananing'inia hapo, chagua sehemu moja ukae nayo miaka mitano. Simaanishi wilaya nzima, namaanisha kipande unachoweza kukizunguka kwa miguu siku mbili tatu, mabonde mawili na mgongo wa mlima katikati. Mimi ningekuambia urudi Meeker, manake pale umeshaona elki kwa macho yako, na ile milima ya Flat Tops ndani ya msitu wa White River ina kundi ambalo ni kati ya makubwa kabisa duniani. Ni mbali kutoka kwako, masaa matano na zaidi kwa gari, ila ni bora masaa matano kwenda sehemu unayoijua.

Kabla hujaamua, idara ya wanyamapori ya jimbo kila mwaka inatoa ripoti ya kila yuniti, yani kila eneo la uwindaji walilogawa, wawindaji walikua wangapi, walipata wangapi, asilimia ngapi. Ni bure. Usitazame asilimia tu, tazama na idadi ya watu, manake yuniti yenye asilimia nzuri mara nyingi inabebwa na ardhi ya watu binafsi ambayo we huingii. Na Colorado mwenye ardhi halazimiki kuweka uzio wala kibao, ukivuka bila ruhusa ni kosa lako hata kama hukuona alama, kwa hiyo ramani yenye mipaka ya ardhi iwe kwenye simu na iwe imepakuliwa, mtandao kule hakuna.

Ukishachagua, nenda mwezi wa saba au wa nane bila bunduki. Chukua familia, wachome mahindi, we tembea. Unachotafuta ni vitu vitatu tu: wanakula wapi, wanalala wapi, na wakisumbuliwa wanakimbilia wapi. Cha tatu ndo watu hawakitafuti na ndo kinacholisha frija mwezi wa kumi. Elki mchana hakai uwanjani, analala kwenye msitu mzito wa misonobari, mara nyingi mteremko unaotazama kaskazini ambako jua halipigi sana, na anapenda pale mlima unapotengeneza kibaraza, sehemu ndogo tambarare katikati ya mwinuko, anaona chini na upepo unamletea harufu. Kule Oregon kuna msitu wa utafiti unaitwa Starkey, tangu 1989 wamekua wakifuatilia elki wenye vifaa shingoni, na jambo lililojitokeza wazi ni kwamba wanazikwepa barabara zenye magari. Kwa hiyo chora kwenye ramani kila barabara na kila njia ya pikipiki, halafu uangalie vipande vilivyobaki katikati. Viko vichache kuliko unavyodhani. Vingine viko kilomita 3 kutoka barabarani, vingine ni korongo baya liko mita 600 tu toka kambini kwa watu na hakuna anayetaka kushuka humo manake kupanda na nyama ni adhabu. Hivyo vipande ndo vyako.

Mimi mwenyewe miaka minne ya mwanzo sikupata kitu. Mwaka wa tano nikarudi bonde lilelile kwa mara ya tatu mfululizo, na asubuhi ya siku ya nne nikasikia harufu. Harufu ya zizi, kama umepita pembeni ya ng'ombe walionyeshewa. Mwaka wa nyuma yake nilishawahi kuisikia palepale nikapuuza, safari hii nikasimama. Nikakumbuka juu yangu kuna kibaraza nilichokikuta mwezi wa nane kimejaa kinyesi cha zamani na miti iliyochunwa magome na pembe. Nilichukua karibu masaa mawili kupanda mita labda 300, nikiwa na uhakika kabisa kwamba wapo. Walikuwepo. Huo uhakika ndo unaouliza we unapatikana wapi. Ulitoka kwenye safari mbili zilizoonekana hazina faida.

Upepo. Hapa nitakaa kidogo manake naona ndo unaokunyang'anya wanyama bila we kujua wamekuwepo. Elki akikuona anaweza kusimama akuangalie. Akikusikia anaweza kudhani ni mwenzie, wenyewe wanavunja vijiti ovyo wakitembea. Akikunusa ni basi, haulizi mara mbili, na akiondoka haendi mita 200 kama swala, anaweza kuvuka bonde zima na kundi lote nyuma yake. Sasa milimani upepo una tabia yake ya kila siku, ukiijua umeshinda wengi. Usiku na alfajiri hewa ya baridi inashuka bondeni kama maji. Jua likishapiga mteremko, saa tatu hivi au saa nne asubuhi, hewa inapata joto inageuka inapanda. Jioni kivuli kikirudi inaanza kushuka tena. Kwa hiyo asubuhi na mapema ukiwa juu ya wanyama harufu yako inawamwagikia kichwani, inabidi uwe chini yao au pembeni kwa usawa wao, halafu mambo yakigeuka we uwe umeshapanda juu. Na ule muda wa kugeuka ni mbaya kabisa, upepo unazunguka kama umelewa, muda huo mi nakaa chini nakula andazi langu, sisogei.

Nunua ile chupa ndogo ya kuminya, jaza poda ya mtoto, minya kila baada ya dakika kumi. Usitegemee kidole ulicholamba. Na upepo ukiharibika rudi nyuma hata kama unajua wapo mita 200 mbele yako. Hili ndo gumu kuliko yote, kumuacha mnyama unayejua yupo. Ila ukimuacha bila kumsumbua kesho yupo, ukilazimisha umemfukuza kwenye yuniti.

Ratiba yako ya siku mbili ibadilishe. Msimu wa pili una siku 9, unafunguliwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo mlima mzima umejaa makoti ya chungwa, milango ya pikapu inabamizwa kuanzia saa tisa usiku. Ikifika Jumatatu jioni kambi nusu zimeondoka. Elki kwa siku hizo mbili tatu wameshajazana kwenye vile vipande vya kujificha, na kuanzia Jumanne wanaanza kutoka taratibu kula. We siku zote umekuwepo kwenye fujo, unaondoka kabla mambo hayajatulia. Kazini omba likizo mapema, hata mwezi wa nne, uombe Jumanne mpaka Ijumaa. Najua kiwandani ruhusa ni ngumu, ongea na wenzio mbadilishane zamu, fanya unavyoweza, ila hizo siku nne zina thamani kuliko bunduki mpya.

Siku yenyewe iende hivi. Sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, sasa dakika hizo za mwanzo uwe umeshakaa sehemu ya juu unayoona malisho mengi, na darubini mkononi, upepo ukiwa vizuri. Usitembee tembee. Tafuta kipande cha mnyama, mstari wa mgongo ulionyooka, sikio, rangi ya krimu ya makalio, manake elki mzima amesimama wazi kama kwenye kalenda ni nadra. Wakiingia msituni angalia wameingilia wapi. Mchana wengi wanarudi kambini kulala, we usirudi, ingia msituni polepole kweli kweli, hatua tatu unasimama, unatazama chini ya matawi. Saa tisa alasiri na kuendelea kaa pembeni ya njia wanayotokea, usiondoke mpaka muda wa sheria uishe. Mara nyingi wanatoka dakika kumi za mwisho, wakati mtu ameshaanza kufikiria chai.

Msimu wako huo madume yameshamaliza kupandana, hayapigi tena ile milio ya mwezi wa tisa, yamechoka, yamekonda, yanajitenga moja moja au mawili matatu kwenye vikorongo vyenye nyasi kidogo na maji karibu. Majike na ndama ndo wanatembea kundi kubwa. Kwa hiyo zile filimbi za kuita ulizonunua ziache tu nyumbani, au beba moja ya sauti ya jike kwa ajili ya kumsimamisha mnyama anayeondoka. Theluji ikianguka shukuru, nyayo zinakusomea kila kitu. Kinyesi kibichi kinang'aa na kinabonyea, kikishakua kikavu na kimepauka ni habari ya zamani, usipoteze siku kwayo.

Sasa tuje kwenye kutetemeka.

Hakuna aibu hapo. Dume la elki lina kilo 300 na zaidi, pembe peke yake zinaweza kufika kilo 18, linamzidi tandala mkubwa kwa mbali, na linatokea kimya wakati umekaa masaa sita ukitazama nyasi. Mwili ni lazima ushtuke. Ulipiga juu kwa sababu, nina karibu uhakika, macho yako yalikua kwenye pembe, na risasi inafuata macho. Pia umeniambia mazoezi yako ni mara moja kwa mwaka mezani pale uwanja wa shabaha, bunduki imelazwa kwenye mifuko ya mchanga. Porini hakuna meza mdogo wangu.

Fanya hivi, mwezi wa tisa wikiendi moja uende Estes Park, kwako ni kama masaa mawili, uingie Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain. Kule hawawindwi, wanashuka mabondeni mwendo wa jioni, madume yanalia, yanafukuzana, na umati wa watu umesimama na kamera. Kaa mbali, sheria ya hifadhi ni mita 23 lakini we kaa mbali zaidi ya hapo, chukua darubini na uwatazame masaa matatu manne. Kila mmoja akigeuka jiulize, nikimpiga sasa hivi mapafu yako wapi? Akisimama ubavu ni nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kifua kwenda katikati. Akikupa kisogo hakuna risasi. Akielekea kwako hakuna risasi. Akiwa amesimama na mwenzie nyuma yake hakuna risasi, inapita. Mfundishe na mwanao, mchezo mzuri tu. Ukishaangalia elki 60 kwa jioni mbili, yule wa 61 mwezi wa kumi anakua mnyama unayemfahamu.

Utaona pia kwanini watu wa kabila la Shawnee walimuita wapiti, jina linalotokana na weupe wa makalio yake. Hilo jina likuokoe na kosa moja ambalo wawindaji Colorado wanalifanya kila mwaka, kupiga musi, mnyama mwingine wa jamii hiyohiyo, wakidhani ni elki. Musi ni mweusi mweusi mwili mzima, pua imevimba inaning'inia, makalio hayana weupe. Elki mwili ni rangi ya mchanga, shingo kahawia iliyoiva, nyuma krimu. Kama hujaona nyuma na shingo kidole kisiguse kifyatulio. Na dume, sehemu nyingi za jimbo, awe na ncha nne upande mmoja wa pembe au ile ncha ya usoni iwe na inchi 5, hilo nalo liangaliwe na darubini ya mkononi, kamwe usitumie darubini ya bunduki kuchungulia kitu usichokijua, huenda ni mtu.

Mazoezi ya kupiga, nyumbani kila usiku dakika kumi bunduki tupu, umeikagua mara mbili, risasi ziko chumba kingine, unakaa chini, begi mbele, unavuta pumzi, unaminya. Mwezi mara moja nenda uwanjani, piga umekaa, piga umepiga goti, piga ukiegemea begi, piga baada ya kukimbia mpaka moyo udunde. Shabaha yako iwe sahani ya karatasi ya chakula. Umbali ambao unaigonga mara 9 kati ya 10 kwa mikao hiyo ndo umbali wako wa kuwinda, iwe mita 120 iwe 200, na ukishajua hiyo namba usibishane nayo mlimani. Mimi yangu ni 220, nimeshawaacha madume mita 300 na nikalala usingizi mzuri. Ukubwa wa risasi usikuumize kichwa, sheria inataka isiwe chini ya kipenyo cha milimita 6 na uzito wa greni 85 kwa elki, hiyo bunduki yako ya .270 inatosha kabisa. Watu wananunua bunduki kubwa inayowatisha wenyewe, halafu wanafumba macho wakipiga.

Nikuambie na kitu ambacho bado kinaniuma. Msimu wangu wa saba nilimpiga jike jioni, nilimuona ameshtuka akaingia msituni. Giza lilikua linakuja, nikaogopa, baada ya dakika kumi nikaingia kumfuata. Alikua amelala mita 80 tu, akaniona akanyanyuka, akashuka korongoni gizani. Nilimpata kesho yake saa tatu asubuhi, nyama ya mapaja imeshaharibika upande aliolalia. Kama ningekaa chini nusu saa angekufa palepale alipolala. Kwa hiyo ukipiga, usipomuona ameanguka, weka alama alipokua amesimama, kaa dakika 30 mpaka saa nzima. Ukiona dalili kwamba umegonga tumbo, damu ina majani na harufu, subiri masaa sita na zaidi. Ni deni unalodaiwa na mnyama, ulilipe kwa uvumilivu.

Kuhusu leseni, achana na dume kwa sasa. Omba ya jike. Mwisho wa maombi ni mwanzoni mwa mwezi wa nne, zinazobaki huwa zinauzwa mwezi wa nane, nyingine ni za yuniti nzuri tu ila watu wanataka pembe. Jike anatoa kilo 60 mpaka 80 za nyama bila mfupa na kwa maoni yangu ni tamu kuliko ya dume. Mnyama wa kwanza anafungua kitu ndani ya mtu ambacho maneno yangu hayafungui, usimngojee awe na pembe. Sheria zinabadilika mwaka kwa mwaka, kwa hiyo brosha ya mwaka huu isome ukurasa kwa ukurasa, kama Kiingereza kinakusumbua kaa na mtu muisome pamoja jioni mbili.

Baada ya mnyama kuanguka sina la kukufundisha sana, kisu unakijua kuliko wengi wanaotoa mafunzo. Tofauti na kiwandani ni kwamba hapa hakuna jokofu, ngozi ya elki ni nene, na nyama inaanza kuharibika kutokea ndani kwenye nyonga karibu na mfupa hata kama nje kuna baridi. Chuna upesi, toa miguu, ining'inize kivulini kwenye mifuko ya kitambaa ipate hewa. Acha ushahidi wa jinsia ukiwa umeungana na nyama kama sheria inavyotaka, na tegi ya leseni ifungwe kwenye mnyama. Peke yako ni safari nne au tano za mgongo, fikiria hilo kabla hujapiga mnyama chini ya korongo saa kumi na moja jioni. Kichwa peleka kituo cha idara wakipime ule ugonjwa wa CWD, unaokondesha jamii ya kulungu mpaka wanakufa, Colorado uligundulika tangu 1967. Mshauri wa afya yeyote atakuambia mnyama akikutwa nao, nyama usile.

Na usiende peke yako bila mke kujua uko bonde lipi na unarudi lini. Usivae pamba, ikilowa inakuganda mwilini. Yale makoti ya chungwa au ya pinki pamoja na kofia ni lazima kisheria kwa msimu wa bunduki.

Nimelibakiza lile la kujiona mgeni asiyetakiwa, manake nalo nalijua. Sisi wengi tumekulia sehemu ambako mtu mwenye mnyama wa porini begani ni jangili. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, Tanzania upo kwa leseni ila mtu wa kijijini au wa kambini anajua zaidi kumkimbia askari wa wanyamapori kuliko kumsalimia. Tunakuja huku na ile hofu ndani ya mifupa, tukiona gari la askari tunatembea kama tumeiba. Mara ya kwanza nilipokaguliwa nilitetemeka kuliko nilivyotetemeka mbele ya dume. Yule bwana akaangalia leseni, akaangalia kadi ya mafunzo ya uwindaji, akaniuliza nimeona nini, halafu akanionyesha kwenye ramani bonde ambalo hakuna mtu. Tangu hapo kila mwaka nawapigia simu kabla ya msimu, nawauliza ukame ulikuaje, wanyama wameshuka au bado, na wanajibu vizuri.

Ile misitu ni ya umma, na we kwa sasa ni sehemu ya umma huo. Umekaa zaidi ya miezi sita mfululizo kwa hiyo leseni yako ni ya mkazi kama ya mtu aliyezaliwa Meeker. Mwanzoni mwa karne iliyopita elki Colorado walikua karibu wamekwisha kabisa, miaka ya 1910 ikabidi waletwe kwa treni kutoka Wyoming, na kilichowarudisha wakafika walipo leo kwa sehemu kubwa ni pesa za leseni na ile kodi ya mwaka 1937, asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi. Umenunua leseni tatu na maboksi mangapi ya risasi? Basi na we umewalisha hao elki miaka mitatu. Salimia watu kambini, uliza, toa kahawa. Wengine watakua wagumu, wengi hawako hivo, na mwenye gari lililokwama kwenye tope hajali lafudhi ya anayemsukuma.

Kwa hiyo mwaka huu kazi yako kwangu ni moja. Rudi pale ulipomuona yule dume, mwezi wa saba, ukae siku tatu. Jioni panda mpaka usawa wa pale alipoingilia msituni, toa ile chupa ya poda, minya, halafu uniandikie hewa inashukia wapi na kuna kibaraza upande gani. Tutaanzia hapo.